Kitabu cha kwanza cha dogo kina makosa: tumpongeze au asitishe mauzo?

Kalamu_Temeke: Wakuu, kuna kijana wa miaka 19 kachapa nakala 200 Kariakoo. Hadithi ni nzuri kweli. Ila tahajia imeharibika kuanzia ukurasa wa kwanza, na kurasa zinachomoka. Ninamfurahia na roho inaniuma. Afanyeje?

Mhariri_Mbagala: Mpongeze kwanza, tena kwa kutaja sehemu iliyokugusa. Makosa yakiwa machache, achape karatasi ya masahihisho: ukurasa, mstari, kilichochapwa, kisomekeje. Aichomeke ndani ya jalada. Yakizidi arobaini hivi, asitishe, maana msomaji hatasoma orodha ndefu. Safari ijayo asome kwa sauti kwenye karatasi, si kwenye simu, na mtu mwingine asome baada yake.

Fundi_Chapa: Kurasa kuchomoka ni kosa la kiwanda, si la mwandishi. Uti, yaani mgongo wa kitabu kurasa zinapoungana, ulipaswa kukwaruzwa kabla ya gundi ya moto, vinginevyo gundi inakaa juu juu. Tatizo lingine ni mwelekeo wa nyuzi za karatasi: zikikata uti badala ya kwenda sambamba nao, kitabu kinakaza na kuachia. Afungue nakala tano katikati, avute ukurasa taratibu. Zikiachia, azirudishe zote zigundishwe upya. Ukingo wa ndani, yaani nafasi tupu upande wa uti, uwe angalau milimita 20.

Mhariri_Mbagala: Na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, isimtishe. Kurekebisha tahajia tu ni chapa mpya, namba inabaki ileile. Akibadili hadithi yenyewe, hilo ni toleo jipya. Aombe nyingine Bodi ya Huduma za Maktaba.