Naongoza mchezo mzima, mwisho natoka sare au napigwa. Wachezaji wa chesi nisaidieni (niko Mbeya)

KeteYaMwanjelwa

Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya, Mwanjelwa, miaka 24. Chesi, ambayo wazee wengine wanaiita sataranji, nimeianza miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa drafti pale kijiweni, na kwenye drafti sikuwa mnyonge.

Mwezi uliopita nilisafiri hadi Dar kwenye mashindano ya siku mbili, raundi sita. Nauli na pa kulala nilidunduliza miezi mitatu. Nimerudi na pointi moja na nusu. Hizo pointi siyo zinazoniuma. Kinachoniuma ni kwamba kwenye michezo minne kati ya hiyo sita nilikuwa mbele, na mbele kweli, kwa kete moja au askari wawili.

Raundi ya tano ndiyo inaninyima usingizi. Nilikuwa mweupe. Tumekulana ngome za mwisho (zile kete za pembeni zenye umbo la mnara), ubaoni wamebaki wafalme wawili na askari wangu mmoja. Mfalme wangu e1, askari e2, mfalme wake e8, zamu yangu (herufi ni safu ya kwenda juu, namba ni mstari kuhesabu kutoka upande wangu). Nikamrusha askari mpaka e4 papo hapo, maana nilijua akifika mstari wa nane anakuwa malkia na kazi imekwisha. Mwisho wa safari askari wangu yuko e7, mfalme wangu e6, mfalme wake e8, zamu yake. Hana pa kukanyaga na hajatishiwa. Mwamuzi akaja, akaangalia, sare. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka raundi ya sita ilipoitwa, na hiyo nayo nikapigwa.

Ratiba yangu ni hii: kila usiku nacheza michezo ya dakika tatu kwenye simu, kumi hadi kumi na tano. Naangalia video za ufunguzi. Ule ufunguzi wa Sisiliani naujua mpaka mwendo wa kumi. Mafumbo nafanya nikikumbuka.

Kuna mashindano mengine baada ya miezi mitano hivi. Nisome nini, nianze na kipi, na hapa Mbeya nicheze na nani ana kwa ana?

MnyaluWaKihesa

Kamwene ndugu yangu. Pole na safari.

Kabla sijakujibu, nikuulize: mpaka ngome za mwisho zinatoka, mfalme wako alikuwa bado anafanya nini e1? Malkia wakishatoka ubaoni, mfalme si mtu wa kufichwa tena. Anakuwa mpiganaji, tena mzuri. Wewe ulimwacha nyumbani kama bado kuna vita ya malkia nje.

Sasa huo msimamo wako. Ulikuwa umeshinda. Panga ubao uone. Mfalme e1 aende f2. Mweusi atakuja e7. Wewe e3, yeye e6, wewe e4. Simama hapo utazame: wafalme wanatazamana, kati yao mraba mmoja, na zamu ni yake. Lazima apishe. Akienda d6 unaingia f5, akienda f6 unaingia d5. Askari wako bado yuko e2, hajachoka, na ana miendo ya akiba mfukoni. Siku ukikuta wafalme wanatazamana na zamu ni yako, unamsogeza askari mraba mmoja tu, na zamu inarudi kwa mwenzio.

Ulipomrusha e4 ulikula akiba yote. Mweusi akaja e7, e6, kisha e5 akasimama mbele ya askari wako. Mfalme wako yuko e3 nyuma ya askari wake mwenyewe, anamsukuma kama mkokoteni. Hapo mweusi akijua anachofanya ni sare, hakuna ujanja. Mfalme atangulie, askari afuate.

Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alishauri watu waanze kujifunza mwisho wa mchezo kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilipuuza kwa miaka minne, kwa hiyo nakuelewa.

Ukishamaliza mfalme na askari, ingia ngome, maana michezo mingi sana inaishia ngome kwa ngome na askari wachache. Misimamo miwili inakutosha kwa sasa. Wa kwanza ni wa kujitetea, aliouonyesha Mfaransa Philidor karne ya 18. Ukiwa mweusi, mfalme wako akae mbele ya askari wa adui, ngome yako ishike mstari wa sita ili mfalme wake asipite. Askari akiingia tu mstari huo wa sita, peleka ngome mbali kabisa, mstari wa kwanza, anza kumtishia mfalme wake kutoka nyuma. Hana tena kivuli cha kujificha. Wa pili ni wa kushinda, unaitwa Lucena: askari wako yuko mstari wa saba, mfalme wako amebanwa mbele yake, na ngome yako inapanda mstari wa nne kumjengea daraja mfalme atoke. Cheza yote miwili, pande zote mbili, mpaka mkono uende wenyewe.

Soweto_Mbeya

Mkuu Mnyalu, naheshimu, lakini mwisho wa mchezo utaufikiaje kama umeshafungwa mwendo wa kumi na tano? Mimi nasema dogo azidi kukaza ufunguzi. Mpinzani akikosea mapema unammaliza mapema.

MnyaluWaKihesa

Soweto, msome tena mleta uzi. Michezo minne kati ya sita alikuwa mbele. Huyu haumwi ufunguzi. Angekuwa amefungwa mwendo wa kumi na tano kila raundi ningekubaliana na wewe.

MwlRungwe

Ughonile mwanangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tukuyu, nafundisha watoto chesi baada ya vipindi. Ubao wetu wa kwanza tulichora kwenye kadibodi.

Watoto wangu siwapi kete zote siku ya kwanza. Wanaanza na wafalme na askari tu, nane kwa nane, anayefikisha malkia kwanza ameshinda. Wiki mbili nzima. Jaribu na wewe, usione aibu kwamba ni mchezo wa watoto. Ndipo utakapoona kwa macho askari aliyeachwa peke yake anavyokuwa mzigo, na askari wawili wanaoshikana mikono wanavyokuwa ukuta.

Kuna jambo jingine wakuu hawajaligusa, nalo nimeliona kwa kila kijana anayetoka kwenye drafti. Kwenye drafti kula ni lazima. Ukipewa kete unakula, upende usipende, ndiyo sheria. Huku hakuna anayekulazimisha. Lakini mkono umeshazoea. Nenda kaangalie karatasi zako za Dar, hesabu ni mara ngapi ulikula kwa sababu tu kulikuwa na cha kula. Hata huko kukulana ngome za mwisho, ulihesabu kwanza utabaki na nini, au ulikula kwa sababu zimegusana?

Nakuomba pia upunguze hiyo michezo ya dakika tatu. Inakufundisha kukisia. Mchezo mmoja wa nusu saa kila upande, halafu nusu saa nyingine ya kuupitia bila kufungua kompyuta ikwambie jibu. Andika kwa kalamu ulifikiri nini na ulikosea wapi. Kompyuta ije mwisho kabisa, kukusahihisha. Mafumbo yawe ya kila siku, kumi tu, lakini usisogeze kete mpaka umeona mwisho wa fumbo kichwani.

Baridi_Njombe

Nitaongelea mashindano tu, mengine mmemaliza.

Raundi sita kwa siku mbili maana yake michezo mitatu kwa siku. Kichwa kinachoka kabla ya mwili kujua. Usilale saa nane usiku ukiangalia video. Kula chakula cha mchana chepesi. Ukimaliza mchezo, uwe umeshinda au umeshindwa, toka ukumbini utembee. Kesi ya mchezo uliopita utaisikiliza nyumbani.

Saa ni kete ya thelathini na tatu. Kama mashindano ni ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kila mwendo, weka dakika ishirini za mwisho kuwa za mwisho wa mchezo, usiziguse. Pale kwenye e2 ulikuwa na dakika ngapi? Nina hakika zilitosha kufikiri, ila ulishajiona umeshinda. Kukalia mikono yako kunasaidia, maana kete ukiigusa lazima uisogeze.

Na usidhani huu mchezo ni wa watu wa mbali. Amon Simutowe ni wa Zambia hapo, ng'ambo ya Tunduma, na ndiye wa kwanza kusini mwa Sahara kupata cheo cha grandmasta, kile cha juu kabisa kwenye chesi, mwaka 2009.

KeteYaMwanjelwa

Wakuu, shikamoo mwalimu, asanteni sana. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa makusudi, nilitaka nirudi na kitu.

Ule msimamo wa e1 na e2 nimeucheza na simu mara thelathini. Mara nane za kwanza nilitoka sare hata baada ya kusoma maelezo ya Mnyalu, kwa sababu nilikuwa nawahi e3 na askari kabla mfalme hajapita. Kuanzia jana sijakosa hata mara moja.

Karatasi za Dar nimezipitia. Mwalimu, ni mara kumi na moja. Kumi na moja nimekula bila sababu, na tano kati ya hizo ndipo mchezo ulipogeuka. Ngome za mwisho sikuhesabu. Zilikuwa zimegusana, nikala.

Kuhusu dakika, Baridi, nilikuwa na dakika 34. Nilitumia kama sekunde nne.

Michezo ya dakika tatu nimeiacha. Swali langu la mwisho bado halijajibiwa: nacheza na nani?

Uyole_Stendi

Nilikuwa nasoma kimya kimya. Mimi niko Uyole, nina ubao wa mbao na saa ya kubonyeza, ila nimekosa mtu tangu rafiki yangu ahamie Makambako. Jibu hili kwanza: mfalme mweupe e5, askari e4, mfalme mweusi e7. Nani anashinda?

KeteYaMwanjelwa

Inategemea zamu ya nani. Zamu ya mweusi, mweupe anashinda. Zamu ya mweupe, sare. Ila askari angekuwa e3, mweupe anashinda kwa vyovyote.

Uyole_Stendi

Jumapili saa nane mchana, Kabwe. Nakuja na saa. Nusu saa kila upande, na tunaandika.