Naombeni ushauri wapendwa, namuuguza mama nguvu zinaniishia

Bwana asifiwe wapendwa. Mama yangu figo zimefeli anasafishwa damu mara 3 kwa wiki na mimi ndo nampeleka, saa kumi alfajiri tushaamka tuwahi daladala maana zikijaa hawezi kusimama, miguu imevimba hata ndala hazimuingii vizuri. Kuomba naomba sana na asubuhi kweli nguvu napata, ila ikifika mchana nikianza kuwaza bili ya mwezi ujao zote zinaisha.

Nimesoma kwenye Biblia Kutoka 16, Waisraeli waliokota mana (chakula Mungu alichowashushia jangwani) ya siku hiyo tu, waliobakiza mpaka asubuhi ikaingia mabuu, na naamini kabisa Mungu anataka tumtegemee hivyo, ya leo kwa leo. Lakini siku ya 6 waliokota ya siku mbili maana ya 7 ni sabato ya kupumzika, kwahiyo kujipanga si dhambi jamani, au naelewa vibaya?

Mliouguza muda mrefu mnaombaje mkiwa kwenye benchi mnasubiri mashine? Na mama siku akisema amechoka haendi tena, nimwambie nini?