Mianya mipana kati ya maneno kwenye waraka

Swali: Waraka wa A4 kwenye Word, herufi pointi 12, maandishi yamenyooshwa kingo zote mbili. Mistari kadhaa ina mianya mipana, na mmoja una maneno matatu tu yaliyotawanywa toka ukingo hadi ukingo. Kosa liko wapi?

Jibu 1: Huo wa maneno matatu umemalizwa kwa Shift+Enter. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uone alama zilizofichwa. Ukikuta kishale kilichopinda, kifute uweke Enter ya kawaida. Halafu Ctrl+H: tafuta nafasi mbili, badilisha kwa moja, rudia mpaka zisipatikane tena.

Jibu 2: Mianya mingine ni maneno yetu marefu. “Wanapoyashughulikia” lisipoenea huhamia lote mstari wa chini, na wa juu unavutwa kujaza pengo. Bofya kati ya silabi, ubonyeze Ctrl na kistari: wanapoya-shughulikia. Kistari hicho hakichapwi mpaka neno likatike hapo. Kata baada ya irabu. Usiitenganishe ng’ wala sh. Kusema kweli, kwa safu nyembamba nyoosha kushoto tu, yaishe.

Jibu 3: Nyongeza: “uk. 45” au “kilo 20” zisiachane mwisho wa mstari, tumia Ctrl+Shift+Space badala ya nafasi ya kawaida. Na aya usizitenge kwa Enter mbili. Weka pointi 6 hadi 8 baada ya aya kwenye mipangilio yake, la sivyo ukurasa mpya unaweza kuanza na mstari mtupu.

Muuliza: Kishale kilikuwepo kweli. Nabaki na kushoto.