Kuandika notisi za hesabu kwa mkono kwenye laptopu: kalamu ipi, mashine ipi?

Ticha_Gungu (Kigoma)
Wakuu, habari za leo. Nafundisha hesabu kidato cha tano na sita hapa Kigoma. Kuandaa notisi kwa kibodi kunanikesha: sehemu ndani ya kipeuo, mshale wa vekta, kila alama unaisaka kwenye menyu, wakati kwa mkono ni kitendo cha mara moja. Nimeshauriwa mambo matatu. Ninunue laptopu mtumba ya kukunja yenye kalamu yake. Au nibaki na yangu, ambayo kioo chake kinagusika, ninunue kalamu ya ncha ya mpira. Au nichukue kibao cha kuchorea cha kuchomeka USB. Naandika kurasa nyingi. Kipi kinafaa?

Fundi_Mwanga (Kigoma)
Mwalimu, hiyo ya ncha ya mpira iondoe kabisa. Inafanya kazi ya kidole tu. Kioo hakijui kama ni kalamu. Ukilaza kiganja, kiganja nacho kinaandika. Na ncha ni nene, kipeo kidogo juu ya x kinageuka doa.

Kwanza fungua Settings, System, kisha About, usome mstari wa Pen and touch. Ukikuta "Touch support" peke yake, kalamu ya betri inayohitaji kihisi maalumu kwenye kioo haitaandika hapo hata uinunue ya bei gani. Ukikuta "Pen and touch support", kioo kina kihisi cha kalamu, na hapo unauliza ni cha mfumo gani. Surface na HP Envy x360 nyingi zinatumia MPP ya Microsoft. ThinkPad X1 Yoga nyingi na baadhi ya Dell Latitude za kukunja zinatumia AES ya kampuni ya Wacom. Kalamu ya MPP peke yake haiandiki kwenye kioo cha AES. Muuzaji atakuambia "hii inaingia zote". Zipo kweli zinazoingia zote mbili, kama Wacom Bamboo Ink, lakini usilipe kabla hujasoma boksi.

Ngambo_Tabora
Mimi nasoma chuo hapa Tabora, natumia X1 Yoga mtumba. Naipendea jambo moja kubwa: kalamu inachomekwa ubavuni mwa mashine na inajichaji humo humo. Kalamu nyingi nyingine zinatumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko ya rimoti, na ukiiulizia madukani huku unapewa AAA. Ubaya ni kwamba kalamu ya humo ni nyembamba, vidole vinachoka ukiandika muda mrefu.

Ukienda kununua, chora mistari ya mshazari kwa rula, polepole, kona hadi kona. Mstari ukikatika palepale kila mara, kioo kina hitilafu. Ukiyumba kidogo, hiyo ni kawaida ya kalamu nyingi za aina hii. Na mashine ikiuzwa bila kalamu, bei ishuke.

Dada_Kibirizi (Kigoma)
Natofautiana nanyi kidogo. Mimi natumia kibao cha One by Wacom. Kalamu yake haina betri kabisa, nguvu inaipata kwenye kibao chenyewe kwa njia ya sumaku-umeme. Hakijali kioo chako ni cha aina gani, na laptopu ikifa kibao unahamia nacho kwenye nyingine. Ugumu wake ni kwamba jicho liko kwenye kioo na mkono uko mezani, siku za mwanzo mwandiko unapinda. Mkono unazoea. Kwa mwalimu mwenye projekta ndiyo njia ninayoiamini: unaandika huku umewaelekea wanafunzi, hujawapa mgongo.

Ticha_Gungu
Asante dada. Nimeangalia, yangu inasema "Touch support" tu. Vipi programu? Intaneti yangu ni ya bando.

Fundi_Mwanga
Xournal++. Ni ya bure, ipo ya Windows na ya Linux (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows), haidai intaneti. Unafungua PDF ya mtihani, unaandika juu yake, unatoa PDF nyingine ya kutuma WhatsApp. OneNote nayo ni nzuri, inaweza kugeuza mwandiko wa hesabu kuwa maandishi safi, ila inataka akaunti na kila mara inasawazisha mafaili mtandaoni.

Kitu kingine kwa wanaofikiria mtumba: Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. X1 Yoga ya kwanza, ya 2016, haifiki hapo. Ulizeni kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza rangi. Ya zamani mkiipenda, wekeni Linux.

Ngambo_Tabora
Kweli, yangu ni ya hiyo ya 2016 na ina Linux. Xournal++ inasoma mkandamizo wa kalamu vizuri tu.

Ticha_Gungu
Basi nachukua kibao, kwa sababu projekta shuleni ipo. Dada Kibirizi, kile kidogo kinatosha kuandika matriki ya tatu kwa tatu, au nitafute cha Medium?

Dada_Kibirizi
Chukua Medium, mwalimu. Kidogo mkono unabanwa, unajikuta unaandika kwa kifundo tu.