Kikundi cha ukoo: Safari ya Bibi Jumamosi

[19:02] Mama Nyemo: Habari za jioni ndugu zangu. Bibi anapanda ndege Jumamosi saa tatu asubuhi kwenda Dar, yeye na Nyendo na Baraka. Saa moja wawe wameshafika uwanjani, huu wa Dodoma mjini, si Msalato. Baba Tumaini anawapeleka. Zabibu nani analeta?

[19:20] Elisha: Amina

[19:21] Mama Nyemo: Elisha, nimeuliza zabibu.

[19:26] Baba Tumaini: Gari ipo shemeji. Bibi atakaa mbele kwa ajili ya magoti, Baraka atampakata. Nyuma Nyendo na mizigo.

[19:27] Mama Nyemo: Baraka hakai mbele hata kwa dakika moja. Eabegi, ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi, ikifyatuka inajaa kabla hujapepesa jicho. Ikimkuta mtoto kapakatwa pale mbele inambamizia kifuani kwa Bibi. Hata kile kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakifungwi mbele penye eabegi. Mtoto nyuma, mizigo kwenye buti.

[19:29] Mama Nyemo: Na Bibi afunge mkanda. Asiyefunga anarushwa mbele, anakutana na eabegi ikiwa bado inajaa kwa nguvu. Kiti chake kirudishwe nyuma kabisa, na miguu asiinyooshe juu ya dashibodi.

[19:35] Mjomba Yoeli: Treni ya SGR tunayo tangu 2024, ya nini kuhangaika na ndege? Bibi atamwambia rubani ashushe Gairo anunue viazi 😂

[19:36] Elisha: 😂😂 Konda, Gairo wapo!

[19:37] Mama Nyemo: Tiketi zimeshalipwa mjomba. Baba Tumaini, ile taa ya SRS, ya eabegi, ilizimika?

[19:52] Baba Tumaini: Inawaka tangu gari itoke bandarini. Fundi alisema atachomoa balbu.

[19:53] Mama Nyemo: Akichomoa balbu tatizo linabaki palepale, ila wewe hulioni tena! Ukiwasha gari taa inatakiwa iwake sekunde chache izime yenyewe. Isipozima, au isipowaka kabisa, eabegi huenda zisifanye kazi siku ya ajali. Pengine zilishafyatuka huko Japani wakafunika tu.

[19:58] Elisha: Shangazi kweli. Na kuna zile eabegi za kampuni ya Takata. Baruti yake ni amonia naitreti, joto na unyevu vinaiharibu miaka ikipita, ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Magari mamilioni yaliitwa kubadilishiwa, kampuni ikafilisika 2017. Baba Tumaini nitumie namba ya chesisi niangalie.

[20:03] Baba Tumaini: Gari yangu leo ndiyo mbovu. Siku ya Mpwapwa ilikuwa nzima, na mafuta nilijaza peke yangu.

[20:04] Mama Nyemo: Ya Mpwapwa yanaingiaje hapa?

[20:04] Baba Tumaini: Yanaingia.

[20:10] Mama Nyemo: Nyendo, soma hapa. Kitambulisho cha NIDA cha Bibi, jina lifanane na la tiketi. Kisu chake cha kumenyea kiende begi la chini, pawabenki ikae begi la mkononi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, zabibu ziwekwe kwenye kikapu. Ndege ikishuka mnyonyeshe Baraka masikio yasimuume. Barakoa za oksijeni zikianguka vaa yako kwanza ndipo umvalishe mtoto, ukizimia wewe nani atamsaidia? Na ndege ikitua majini, boya la kuvaa lisijazwe upepo mkiwa ndani. Maji yakiingia linakunyanyua hadi darini, mlango unauona chini na kuufikia huwezi. Mweleweshe Bibi kwa Kigogo taratibu, asije akavuta ile kamba kwa woga.

[20:31] Mjomba Yoeli: Bibi na boya, na hata bwawani Bahi hajawahi kuogelea 😂

[21:15] Babu: Nimesoma yote. Mjukuu wangu hatakaa mbele. Na mama yenu hapandi gari ambayo taa yake inalalamika. Baba Tumaini, kesho fundi aione. Mafuta ya Mpwapwa tutayazungumza nyumbani, mimi nikiwepo.

[21:16] Mama Nyemo: Sawa baba.

[21:16] Elisha: Sawa babu.

[21:40] Baba Tumaini: Sawa mzee. Ila kesho nashinda Kibaigwa kwenye mahindi, narudi jioni.

[21:41] Mama Nyemo: Jioni fundi gani utamkuta? Nani mwingine ana gari Jumamosi saa kumi na mbili na nusu?

[21:43] Mama Nyemo: Jamani naona mnasoma.

[22:20] Elisha: Chesisi bado sijatumiwa.

[22:58] Dada Agnesi: Nilikuwa kwaya. Zabibu ninazo kilo mbili, nimpe nani?