Tupeane uzoefu: Likizo ya familia Oman, mlikula nini, mliona nini?

Mleta mada: Wakuu, shemeji yangu yuko Muscat, anatuita mwezi wa saba na watoto. Habari za hoteli na maduka makubwa sizitaki. Waliokwenda na familia walete mambo ya chakula na maisha ya watu.

Mama Nasra: Mwezi wa saba Muscat? Mtaungua, ndugu yangu. Joto linapita digrii 40, watoto watashinda ndani wakigombania rimoti. Msalimieni shemeji, kisha nendeni Salalah, mji wa kusini mwa Oman. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ndiyo khareef: manyunyu, ukungu, milima ya mkoa huo wa Dhofar kijani tupu. Waarabu wa nchi jirani wanamiminika kuja kuloa! Sisi tulibaki kucheka, watu wametandika mikeka mvuani wanachemsha chai. Barabarani vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Mwanangu mdogo alikataa katakata kwamba tuko Uarabuni. Jioni mishkaki ya ngamia. Baba watoto hakutaka kuondoka pale.

Mpemba wa Ruwi: Naunga mkono, ila nendeni kwa ndege. Ni kama kilomita 1,000, jangwa mtindo mmoja, na usiku ngamia wanakatiza barabara.

Bin Mvita: Mimi nilipeleka wazee wangu mji wa Nizwa wakati wa baridi. Ijumaa asubuhi na mapema kuna mnada wa mifugo. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwenye duara, wanunuzi wamesimama wanapapasa migongo na kukagua meno, bei zinapigiwa kelele. Babangu hajui Kiarabu cha sokoni, lakini kidogo anunue beberu. Tulimuuliza atampandisha ndege gani. Halafu tukala haluwa ya moto, ina zafarani, hiliki na maji ya waridi. Ya kwetu Mombasa naipenda, lakini ile... basi tu.

Binti Saidi: Mkipata mwaliko wa Idi, msikatae. Kuna shuwa: nyama inapakwa viungo, inafungwa kwa majani, inatiwa kwenye makuti yaliyosukwa, kisha inafukiwa kwenye shimo la makaa. Mara nyingi shimo ni la mtaa mzima, kila nyumba na alama yake. Inafukuliwa baada ya siku moja au mbili, mfupa unachomoka wenyewe. Mnakula chini, sinia moja na wali. Kwa mama mkwe wangu wanawake wana sinia lao na wanaume lao, na stori zote tamu ziko kwetu.

Mleta mada: Watoto Kiarabu hawajui. Na adabu za ugenini je?

Binti Saidi: Muscat Kiswahili utakisikia hadi uchoke, familia nyingi zina asili ya Unguja na Pemba. Adabu: kahawa pokea kwa mkono wa kulia. Ukitosheka tikisa kikombe, la sivyo wataendelea kukumiminia. Tende zinakuja nayo, usiziruke.

Mpemba wa Ruwi: Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos msiukose. Mama avae nguo ndefu na mtandio.

Mleta mada: Basi ni Salalah. Mama Nasra, nyumba mlipangaje?

Mama Nasra: Tulipanga mapema kabla ya msimu, khareef ikishaanza bei zinaruka. Tafuta yenye jiko. Na masweta bebeni, msinicheke.