Volvo V50 au XC60 kwa familia, Mwanza: mliowahi kumiliki naombeni ukweli

Baba Neema wa Buhongwa

Habari za jioni wakuu. Naishi Buhongwa, kazi yangu iko mjini, na wikiendi nyingi naenda Sengerema kuwaona wazazi nikiwa na mke na watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano, mdogo hajatimiza mwaka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, barabara ile watu wanakimbia sana kuliko enzi za kusubiri kivuko, na juzi nimekuta ajali karibu na Usagara ambayo bado hainitoki kichwani. Nimeamua gari ninalotafuta sasa liwe la kulinda familia kwanza, habari ya kuliuza baadaye itajulikana mbele ya safari.

Nimepata mawili. Moja ni Volvo V50 ya 2008, injini 2.4, linauzwa hapa hapa mjini. Lingine ni XC60 T5 ya 2011, bado liko Japani. Bei ya V50 imenivutia mno nikilinganisha na Harrier ya mwaka huo huo, lakini kila fundi ninayemtajia Volvo anakunja uso. Hii sifa ya usalama ni ya kweli au ni maneno ya matangazo? Na je, bado ni gari la Waswidi au ndiyo limeshauzwa kwa Wachina kama wanavyosema? Spea na mafundi kwa hapa Mwanza hali ikoje?

Mwana Kirumba

Mkuu chukua Toyota upumzike. Spea zake utazipata hata Katoro saa mbili usiku. Jirani yangu alileta gari la Ulaya, liko gereji mpaka majani yameota chini ya bampa. Usalama wa kwanza ni gari kutembea.

Fundi Umeme Igoma

Baba Neema, pole kwa uliyoyaona barabarani. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Igoma, na natembelea V50 2.4 kwa miaka kadhaa sasa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili nalibeba moyoni, na kwa sababu kuna kitu wauzaji wengi hawatakuambia.

Sifa ni ya kweli. Volvo ilianzia Göteborg, Sweden. Gari lao la kwanza lilitoka kiwandani tarehe 14 Aprili 1927. Waanzilishi walikuwa wawili, Assar Gabrielsson aliyejua biashara na Gustaf Larson mhandisi, wakibebwa na SKF, kampuni ile ile ambayo bearing zake tunazinunua mpaka leo. Mwaka 1944 wakaonyesha PV444 ikiwa na kioo cha mbele cha tabaka, kile ambacho kikipasuka hakimwagiki usoni.

Ila jambo kubwa ni la 1959. Alikuwepo mhandisi anaitwa Nils Bohlin, walimchukua mwaka 1958 kutoka Saab, upande wa ndege, ambako alikuwa akishughulikia viti vya kumrusha rubani nje ndege inapoanguka. Kabla yake mikanda ilikuwepo, lakini mingi ilikuwa ya kiunoni tu, na mingine ilifungiwa katikati ya tumbo, hivyo gari likigonga, ile klipu inaingia kwenye utumbo. Bohlin akapitisha utepe mmoja begani, kifuani na kwenye nyonga, klipu akaishusha pembeni chini karibu na siti, na mtu anafunga kwa mkono mmoja. Nguvu ya kugonga inapokelewa na mbavu na mfupa wa nyonga, sehemu ngumu za mwili, na mwili hauponyoki kwa chini. Ndiyo mkanda ule ule ulio kwenye kila gari leo. Volvo walikuwa na hataza yake na wangeweza kutoza kila kiwanda duniani. Wakaiacha wazi, kila mtu autumie. Mwana Kirumba, hata Toyota unayomshauri anunue imefungwa mkanda wa Bohlin. Mwaka 1967 wakatoa taarifa yao ya ajali zaidi ya 28,000 za Sweden kuthibitisha kwamba unaokoa, maana bado walikuwepo wabishi.

Kuanzia mwaka 1970 walikuwa na kikosi chao cha kwenda kwenye ajali halisi kupima gari limekunjika wapi na mtu ameumia wapi. Yaliyofuata yametokana na kazi hiyo: kinga ya kugongwa ubavuni mwaka 1991, eabegi za ubavuni mwaka 1994, na mwaka 1998 siti inayorudi nyuma pamoja na mgongo ukigongwa kwa nyuma ili shingo isivunjike, pamoja na eabegi za pazia juu ya madirisha. V50 ya 2008 ina hivyo vyote. Kwa mji wenye daladala zinazofuata gari la mbele kwa karibu namna hii, ile siti peke yake naithamini kuliko redio na rimu zote mnazosifia humu.

Umiliki: Ford waliinunua Volvo ya magari madogo mwaka 1999, na Geely wa China wakaichukua mwaka 2010. Makao makuu bado yako Göteborg. V50 zote ni za enzi ya Ford katika usanifu, zimetengenezwa Ghent, Ubelgiji, na chasi yake ni ya familia moja na Ford Focus na Mazda 3 ya wakati ule, ambayo sisi kutoka Japani tunaijua kama Axela. Kwa hiyo chini ya gari kuna vitu vinavyokaribiana, lakini linganisha namba ya spea, usinunue kwa kutazama umbo.

Sasa kile ambacho hawatakuambia. Gari la 2008 halina usalama kwa sababu ya nembo. Lina usalama kama vile vitu bado vimo ndani na vinafanya kazi. Nimeshaletewa magari, ya kila aina, yaliyopata ajali huko yalikotoka, eabegi zimelipuka, mtu ananiomba niweke rezista ili kompyuta ya gari idhani eabegi ipo na taa izime, gari liuzwe. Huwa nakataa, lakini najua si kila fundi anakataa. Ukienda kuangalia hiyo V50, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya SRS, yaani ya mfumo wa eabegi, lazima iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, ondoka. Ikiwaka na kuzima usiridhike bado, kwa sababu rezista inaidanganya hiyo hiyo. Angalia kava la stelingi kama rangi na ugumu wake vinafanana na dashibodi, pitisha kidole upande wa abiria uone kama dashibodi imekatwa na kugundishwa. Halafu vuta mkanda wa mbele mpaka mwisho. Utepe uwe umenyooka, usiwe na mawimbi wala alama ya kuungua kwa msuguano, na ukiuachia urudi wenyewe bila kusitasita. Uvute kwa ghafla: lazima ukamate. Mkanda uliokwisha kuokoa mtu mmoja kwenye ajali kubwa haurudishwi kazini.

Na siti ya nyuma. Magari yetu haya, mtu akishanunua anakimbilia siti kava, zinavutwa mpaka chini na klipu zote tatu za nyuma zinazama. La kwangu nilikuta hivyo hivyo. Niling'oa kava, nikatia mkono kati ya siti na mgongo, nikatoa klipu moja moja zikiwa zimejaa vumbi na maganda ya karanga, nikazipuliza kwa kompresa mpaka zikashika kwa mlio. Kava nilizorudisha nimezichana matundu na kuyashona pembezoni.

Mwaka jana jioni tukitoka Lamadi ng'ombe alikata barabara nyuma ya lori. Nilikanyaga breki yote, gari likashuka kwenye majaruba ya mpunga, likasimama limeinamisha pua kwenye tope. Mama mkwe alikuwa nyuma, na tangu Bunda alikuwa akisema mkanda unambana kitenge. Alitoka na mstari mwekundu kutoka begani mpaka nyongani, ukageuka bluu kesho yake. Hakuna mfupa uliovunjika, kwake wala kwa mtu mwingine. Ng'ombe alienda zake.

Kuhusu mashine, nitakuwa mfupi. Injini ya 2.4 yenye silinda tano ni ngumu ikihudumiwa. Ina taimingi belti. Kama muuzaji hana karatasi ya lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa na uifanye kabla ya safari yoyote, kwa sababu ikikatika valvu zinagonga pistoni. Kipumulio cha injini, njia ya kutolea mvuke wa ndani, huziba na kusukuma oili kwenye sili. Namna ya kupima: nunua glovu ya hospitali duka la dawa lolote, fungua mfuniko wa kujazia oili, ivishe glovu pale mdomoni injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu. Ikinywea, sawa. Ikivimba na kusimama vidole, kipumulio kimeziba, punguza bei au achana nalo. Giaboksi ya otomatiki ya kasi tano imetengenezwa na Aisin wa Japani, na inatumia oili ya daraja la JWS 3309, ambayo ni Toyota T-IV, ipo madukani Mwanza. Usimruhusu fundi akujazie oili yoyote nyekundu aliyonayo kwenye galoni. Mimi mjini napata kilometa nane hadi tisa kwa lita, safari ndefu inafika kumi na moja.

Shida ya kweli ni barabara. V50 iko chini. Kama kwa wazazi unaacha lami na kuingia njia za mawe, bushi na shokapu utazibadilisha mapema. Hapo XC60 inashinda.

Tandamu wa Isaka

Nimeendesha maroli ya Volvo kuelekea Kigali na Bujumbura nusu ya maisha yangu. Nakazia jambo moja ili usidanganyike: ukiona duka limeandikwa spea za Volvo, jua ni za roli. Kampuni ya maroli na ile ya magari madogo zilishaachana tangu mauzo ya Ford mwaka 1999. Usifunge safari mpaka Kariakoo kwa tumaini hilo. Uliza kwanza kwa namba ya chasi.

Fundi Umeme Igoma

Tandamu umesema kweli kabisa. Mimi naagiza Dar, nyingine Nairobi, na kwa vitu vya injini naagiza Uingereza kwa sababu nao wanaendesha stelingi ya kulia na V50 wanazo nyingi. Za Dar zinapakiwa basi, nazipokea stendi ya Nyegezi. Filta, plagi na pedi za breki nazinunua mapema na kuziweka ndani kabla hazijahitajika. Ukisubiri kitu kiharibike ndipo utafute, utayaona hayo majani ya jirani wa Mwana Kirumba.

Baba Neema wa Buhongwa

Fundi, Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Maswali mawili zaidi. Mdogo wetu mama yake humpakata siti ya mbele, akiwa amemfunga ndani ya mkanda wake mwenyewe. Hiyo si inatosha kwa safari fupi? Na XC60 nasikia linajisimamisha lenyewe?

Fundi Umeme Igoma

La kwanza, hapana ndugu yangu, naomba liishe leo. Piga hesabu: kilometa 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mama anayeweza kuushika, hata awe na upendo kiasi gani. Na akiwa ndani ya mkanda wa mama yake, uzito wa mama unamkandamiza yeye kwenye utepe.

Mtoto wa umri huo anatakiwa kiti chake mwenyewe, kinachotazama nyuma. Nalo hili lilianzia Sweden: profesa Bertil Aldman aliona wanaanga wanavyolala chali wakati wa kurushwa ili mgongo wote upokee nguvu, na mwaka 1964 kiti cha kwanza cha namna hiyo kikajaribiwa ndani ya Volvo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kwa shingo yake. Akitazama mbele, shingo inabeba kila kitu. Kifunge siti ya nyuma, kamwe usikifunge mbele ya eabegi inayofanya kazi. Vya mtumba vinapatikana, hakikisha gamba halina ufa na mikanda yake haijakatwa. Yule mkubwa anahitaji kiti cha kumnyanyua ili utepe upite begani, usimkate shingoni.

La pili, ndiyo. XC60 ilianza mwaka 2008 na mfumo wa City Safety, unaofunga breki wenyewe kwa mwendo mdogo, hadi kilometa 30 kwa saa, dereva asipoona gari la mbele yake. Macho yake ni sensa ya leza juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Hapo ndipo watu hubandika stika zote. Bandika zako pembeni chini. Na kioo kikipasuka usifunge cha bei rahisi kisicho na nafasi ya hiyo sensa. Kabla hujatuma hela Japani ingiza mwaka wa gari na ujazo wa injini kwenye kikokotoo cha TRA, kwa sababu gari lililopita umri kodi yake inaweza kukushangaza.

Mwana Kirumba

Fundi, hilo la klipu nimekwenda kuangalia kwangu sasa hivi. Mbili zimezama kweli, na moja haishiki kabisa. Inapona au ninunue?

Fundi Umeme Igoma

Ipulize kwanza kwa upepo mkavu, usitie oili wala grisi, inavuta vumbi. Ikishindwa, nunua klipu ya gari la mwaka ule ule, lisilowahi kugongwa, na uifunge kwa boliti yake yenyewe, si boliti ya kuokota. Njoo nayo, nitaikagua bure.